Huduma za Kompyuta Vyuoni na Majina Yake: Kutoka Chumba cha Mashine hadi Wavuti

Utangulizi

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta humu orodha za istilahi zilizosanifiwa, kila neno likiwa limewekewa maana yake. Orodha hizo ni za lazima. Hata hivyo, orodha haimwelezi msomaji kwa nini neno fulani lilihitajika, nani alilihitaji kwanza, wala kwa nini maneno mengine yaliyotungwa kwa uangalifu mkubwa yamekufa kabla ya kutumika. Katika makala haya tutafuata njia nyingine. Tutaeleza kwa kifupi historia ya huduma za kompyuta katika vyuo vikuu, tangu zilipoanza hadi zilipohamia kwenye wavuti, na katika kila hatua tutatazama maneno yaliyozaliwa pamoja na kazi.

Hoja yetu ni hii: neno la kazi hudumu pale ambapo mhudumu na mhudumiwa hulazimika kulitumia kila siku. Neno likitungwa vizuri lakini likakosa mahali pa kutumiwa, hubaki katika kijitabu. Jambo hili linatuhusu sana. Leo mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Afrika Mashariki hujiandikisha, huchagua masomo, hupata namba ya kulipia ada na hutazama matokeo yake kwa kupitia programu ya wavuti, na mara nyingi lugha ya programu hiyo si Kiswahili.

Chumba cha mashine

Yafaa tuanzie Cambridge, nchini Uingereza. Maabara ya Hisabati ya chuo kikuu hicho ilianzishwa mwaka 1937. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mkuu wake, Maurice Wilkes, aliongoza ujenzi wa mashine iliyoitwa EDSAC, ambayo iliendesha programu yake ya kwanza tarehe 6 Mei, 1949. EDSAC haikuwa kompyuta pekee ya wakati huo. Sifa yake kubwa ni kwamba ilikusudiwa tangu mwanzo kuwahudumia watafiti wa fani nyingine: wanafizikia, wanakemia, wanabiolojia na wanafalaki. Kwa sababu hiyo twaweza kusema kwamba hapo ndipo huduma ya kompyuta chuoni ilipoanza kuwa kazi yenye utaratibu wake.

Utaratibu wenyewe ulikuwa rahisi kueleweka. Mtafiti aliandika programu yake, akaitoboa katika utepe wa karatasi, kisha utepe huo ukatundikwa kwenye kamba mfano wa kamba ya kuanikia nguo. Opereta aliuchukua kila utepe kwa zamu, akaulisha kwenye mashine, na jibu likachapwa. Wachache walioaminiwa waliruhusiwa kuendesha mashine wenyewe usiku.

Ili kuwapunguzia watafiti kazi ya kuandika mambo yale yale kila mara, David Wheeler na wenzake walitayarisha vipande vya programu vilivyokwisha kujaribiwa, vikawekwa pamoja ili kila mwenye haja avitumie. Kufikia mwaka 1951 vilikuwapo vipande 87. Mkusanyiko huo uliitwa maktaba. Hapa twaona jinsi neno la kale linavyopewa maana mpya bila kulazimishwa. Wahusika walikuwa watu wa chuo, walijua maktaba ni nini, na kitu walichokiona mbele yao kilikuwa na rafu, vitambulisho na utaratibu wa kuazima. Kiswahili nacho kingeweza kulipokea neno maktaba kwa maana hiyo pasipo shida yoyote, kwa kuwa picha iliyomo ni ile ile.

Mtumiaji na siri yake

Hatua ya pili ilitokea Marekani. Katika mfumo wa foleni, mtafiti aliweza kusubiri saa nyingi, halafu akagundua kwamba alikosea alama moja tu. Mnamo Novemba 1961, katika chuo cha MIT, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS. Mfumo huu uligawa muda wa mashine moja katika vipande vidogo mno, kila kipande kikapewa mtu mmoja baada ya mwingine, kiasi kwamba kila aliyeketi mbele ya taipureta yake aliona kana kwamba kompyuta nzima ni yake. Miaka michache baadaye, tarehe 1 Mei, 1964, John Kemeny na Thomas Kurtz wa Dartmouth walianza kuendesha mfumo wa namna hiyo pamoja na lugha nyepesi ya BASIC. Shabaha yao ilikuwa kwamba kila mwanafunzi, hata asiyesoma sayansi, aweze kuitumia kompyuta kama anavyoingia maktaba.

Mabadiliko haya yalileta mtu mpya ambaye hakuwapo katika chumba cha mashine, yaani mtumiaji. Yule wa Cambridge alikuwa mwenye programu. Huyu wa sasa hakuhitaji kuwa na programu yake mwenyewe. Pamoja naye kulikuja akaunti, kwa kuwa muda wa mashine ulikuwa mali iliyohesabiwa, na nenosiri, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na mafaili yake yaliyostahili kulindwa.

Historia ya nenosiri ina mafunzo. Mwaka 1962 mtafiti mmoja wa MIT, Allan Scherr, aliona kwamba saa alizogawiwa kwa juma hazimtoshi. Aliomba faili lenye manenosiri yote lichapwe kwenye karatasi, likachapwa, naye akaendelea na kazi kwa kutumia muda wa wenzake. Miaka michache baada ya hapo ilitokea hitilafu nyingine katika mfumo huo huo. Wasimamizi wawili walikuwa wakihariri mafaili mawili kwa wakati mmoja, la matangazo ya siku na la manenosiri. Mafaili yakabadilishana nafasi, na kila aliyeingia akaonyeshwa manenosiri ya watu wote badala ya tangazo.

Wahenga walisema kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Katika mifumo hiyo ya kwanza kata alikuwa msimamizi, na faili lake ndilo lililovuja. Dawa ilipatikana Cambridge katika miaka ya 1960, pale Roger Needham alipobuni njia ya kuligeuza nenosiri kwa hesabu isiyoweza kurudishwa nyuma. Kilichohifadhiwa kikawa matokeo ya hesabu hiyo, na neno lenyewe halikuandikwa mahali popote. Mtumiaji akiliandika neno lake, hesabu hufanywa upya na matokeo hulinganishwa. Tangu hapo hata kata haikujua siri ya mtungi. Kwa mtunga istilahi, hapa pana jambo la kuzingatia. Neno nenosiri limebeba ndani yake ahadi kwamba ni siri ya mtu mmoja, na ahadi hiyo inategemea kazi ya mtunza mfumo.

Tiketi

Katika miaka ya 1980 kompyuta zilikuwa ndogo na nyingi. Mwaka 1983 MIT, kwa kushirikiana na kampuni za Digital na IBM, ilianzisha Mradi wa Athena, ambao uliendelea hadi mwaka 1991. Nia ilikuwa kutawanya kompyuta chuoni kote ili mwanafunzi aketi popote na kukuta mafaili yake. Swali gumu likazuka: ikiwa kuna mashine mamia, na kila huduma ina mashine yake, mtumiaji atajitambulishaje kwa kila moja bila kulipitisha nenosiri lake kwenye nyaya ambako mtu mwingine anaweza kulidaka?

Jawabu la Athena liliitwa Kerberos, jina la mbwa wa vichwa vitatu anayelinda lango katika hadithi za Wayunani. Mtumiaji hujitambulisha mara moja kwa mashine moja inayoaminiwa na wote. Mashine hiyo humpa tiketi yenye muda maalumu, naye huionyesha tiketi hiyo kwa kila huduma anayoitaka. Neno tiketi lafaa kabisa kwa Kiswahili. Kila aliyepanda basi anajua kwamba tiketi hukatwa mahali pamoja na kuonyeshwa mahali pengine, kwamba ina tarehe, na kwamba kondakta hahitaji kujua fedha uliyolipia ilitoka wapi. Mwalimu akiitumia picha hiyo hana haja ya kurasa tatu za maelezo.

Ukurasa, tovuti na programu ya wavuti

Sasa tufike kwenye wavuti. Pendekezo la kwanza liliandikwa na Tim Berners-Lee mnamo Machi 1989 katika CERN, maabara ya fizikia iliyo karibu na Geneva. Kufikia mwisho wa mwaka 1990 alikuwa na seva ya kwanza na kivinjari cha kwanza. Tarehe 30 Aprili, 1993, CERN ilitangaza kwamba teknolojia hiyo ni ya watu wote na kwamba haitatozwa malipo.

Kwa historia yetu, tarehe kubwa zaidi ni 12 Desemba, 1991. Siku hiyo seva ya kwanza ya wavuti nje ya Ulaya ilianza kazi katika SLAC, maabara ya fizikia inayoendeshwa na Chuo Kikuu cha Stanford. Paul Kunz alikuwa ametembelea CERN mnamo Septemba mwaka huo na kuonyeshwa kazi ya Berners-Lee. Aliporudi alimweleza mkutubi Louise Addis, aliyeshughulikia hifadhidata kubwa ya maandiko ya fizikia iliyoitwa SPIRES. Kabla ya hapo, aliyetaka kutafuta andiko alilazimika kupewa ruhusa kwenye mashine ya IBM na kujifunza lugha maalumu ya kuulizia. Mkutubi huyu aliona mara moja kwamba wavuti ungewaondolea wasomaji adha hiyo. Seva ya SLAC ilipokea swali la msomaji, ikalipeleka kwenye hifadhidata, na kumrudishia jibu katika sura ya ukurasa.

Hapa ndipo inapotupasa kutofautisha istilahi tatu ambazo mara nyingi huchanganywa. Ukurasa wa wavuti ni andiko moja linalofunguliwa na kusomwa. Tovuti ni mkusanyiko wa kurasa chini ya anwani moja na mwenyewe mmoja. Programu ya wavuti ni kazi inayotendeka: mtumiaji huuliza, seva hutafuta au hubadili kitu katika hifadhidata, na ukurasa anaouona hutengenezwa wakati huo huo kwa ajili yake. Ratiba ya mitihani iliyobandikwa ni ukurasa. Mfumo unaompa kila mwanafunzi matokeo yake mwenyewe ni programu ya wavuti. Tukiviita vyote tovuti, tutashindwa kueleza kwa nini cha kwanza chahitaji mwandishi tu, na cha mwisho chahitaji mtunzaji wa kila siku.

Kuunda na kutunza

Tofauti ya kuunda na kutunza ilijidhihirisha katika Chuo Kikuu cha Illinois. Mwaka 1993 kituo cha kompyuta cha NCSA kilichoko chuoni humo kilitoa kivinjari cha Mosaic, kilichoandikwa na Marc Andreessen na Eric Bina, ambacho kiliufanya wavuti uenee upesi. Kituo hicho hicho kilitoa programu ya seva iliyoandikwa na Robert McCool, pamoja na utaratibu wa kuiwezesha seva kuendesha programu nyingine na kurudisha majibu yake. Vyuo na kampuni nyingi zilitumia seva hiyo bila malipo.

Mwaka 1994 McCool aliondoka katika kituo. Programu yake haikuharibika siku hiyo, ila kazi ya kuisahihisha ilizorota. Wasimamizi wa tovuti katika sehemu mbalimbali waliendelea kuitia viraka, kila mmoja kwa namna yake. Mwanzoni mwa mwaka 1995 baadhi yao waliwasiliana, wakakusanya viraka vyao, na kwa pamoja wakatoa seva iliyoitwa Apache, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka Aprili 1995. Katika muda wa mwaka mmoja ikawa seva iliyotumika kuliko nyingine zote.

Neno kiraka twalitumia hapa kwa makusudi. Fundi wa nguo, wa viatu na wa baiskeli wote wanalo, na maana yake katika kazi ya programu ni ile ile: kipande kidogo cha kuziba tundu pasipo kushona nguo upya. Aidha neno hili lina onyo ndani yake, maana nguo yenye viraka vingi yahitaji mtu anayejua kila kiraka kilishonwa wapi.

Mlango mmoja

Kadiri vyuo vilivyoongeza programu za wavuti, ndivyo manenosiri yalivyoongezeka. Mwanafunzi alikuwa na moja la maktaba, moja la barua pepe, moja la masomo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Shawn Bayern wa Chuo Kikuu cha Yale aliandika mfumo wa CAS uliohamishia kwenye wavuti wazo lile la tiketi: mtumiaji huingia kwa mlango mmoja, na programu nyingine zote huitambua tiketi yake bila kuliona nenosiri. Wakati huo huo vyuo vya Marekani vilivyoungana katika Internet2 vilianza mwaka 2000 kutengeneza mfumo wa kumwezesha mtu wa chuo kimoja kutumia huduma za chuo kingine. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2003, nao uliitwa Shibboleth.

Jina hilo lina historia ambayo watu wa lugha wataipenda. Limetoka katika Kitabu cha Waamuzi, mlango wa 12. Watu wa Gileadi waliviteka vivuko vya mto Yordani, na kila aliyetaka kuvuka waliamrisha atamke neno Shibolethi. Waefraimu hawakuweza kuitamka sauti ya kwanza sawasawa. Walisema Sibolethi, na kwa kosa hilo la matamshi wakauawa. Waliouita mfumo wao kwa jina hilo walikusudia tu kueleza kazi ya kutambua nani ni wa wapi. Lakini kisa chenyewe chakumbusha kwamba lugha inaweza kuwa kizuizi mlangoni. Mwanafunzi anayeletewa ujumbe wa makosa kwa lugha asiyoimudu, siku ya mwisho ya kujiandikisha, amesimama penye kivuko cha namna hiyo.

Upande wetu

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa nchini Tanzania mwaka 1967, na katika miaka ya 1970 lilikuwa likitoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu kwa fani nyingi. Lakini kwa upande wa kompyuta kazi haikuwapo ya kutosha. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini, na zuio hilo lililegezwa kidogo kidogo baadaye. Hatudai kwamba zuio hilo pekee ndilo lililochelewesha istilahi. Twasema tu kwamba mazoea yale ya kila siku baina ya opereta na mtafiti, ambayo yaliwapa wengine maneno yao, kwetu yalikuja yamechelewa, na yalipokuja yalikuja pamoja na Kiingereza chake.

Hivyo maneno yetu yalizaliwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya kutunga mezani. Mfano wake ni tarakilishi, neno linalounganisha tarakimu na akili, ambalo linafundishwa katika shule za Kenya, ilhali Tanzania neno kompyuta limeshika mizizi. Njia ya pili ni ya kuchukua neno la kazi nyingine. Kivinjari chatokana na kuvinjari, kama chombo kinavyopita huku na huko baharini. Kupakia na kupakua ni maneno ya bandarini, na kupakua ni neno la jikoni vilevile. Mtandao umetokana na kutandaa. Maneno ya njia hii ya pili yameenea haraka, nasi twaamini sababu ni kwamba msikilizaji alikuwa na picha yake tayari.

Seva ni mfano wa kati. Kiingereza kililiita kitu hicho kwa neno lenye maana ya anayehudumia. Kiswahili kingeweza kusema mtumishi, lakini mtumishi kwetu ni mtu, tena mara nyingi ni mfanyakazi wa Serikali. Neno seva likakubaliwa kwa sababu halikumgongana mtu yeyote. Kwa kipimo hicho hicho, tungeshauri mwanafunzi asiitwe mteja katika mifumo ya vyuo. Mteja hununua na kwenda zake. Mtumiaji wa mfumo wa chuo ana haki ndani yake.

Jaribio kubwa la kuyaweka maneno kazini lilifanyika mwaka 2004, pale wataalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walipotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye amri na maelezo ya Kiswahili. Faida ya kazi ya namna hiyo ni kwamba neno huondoka kitabuni na kuwa kitufe. Mtu hubonyeza neno hifadhi, faili lake likahifadhiwa; hahitaji tena kuambiwa maana. Udhaifu wake ni ule ule tuliouona Illinois. Programu hutolewa matoleo mapya kila mara, kila toleo huja na sentensi mpya, na tafsiri isiyo na mtunzaji hugeuka nusu Kiswahili na nusu Kiingereza.

Yapo mazingira yanayosaidia. Moodle, mfumo wa kufundishia kwa wavuti ulioanzishwa na Martin Dougiamas huko Perth, Australia, na ambao toleo lake la 1.0 lilitoka tarehe 20 Agosti, 2002, huweka maneno yote yanayosomwa na mtumiaji katika mafaili yaliyo mbali na programu yenyewe. Kwa njia hiyo mtu wa lugha anaweza kufanya kazi yake bila kugusa kazi ya mwandishi wa programu. Mfumo wowote unaotungwa na chuo chetu wenyewe unaweza kujengwa hivyo tangu siku ya kwanza, na gharama yake ni ndogo kuliko kufumua mfumo uliokwisha kushonwa.

Hitimisho

Kutokana na historia hii twapendekeza mambo manne. Kwanza, chuo kinachojenga au kununua programu ya wavuti kidai kwamba maneno yake yakae mbali na programu. Pili, tafsiri ianze na ujumbe wa makosa, kwa maana hapo ndipo mtumiaji anapohitaji zaidi kuelewa. Tatu, dawati la msaada liandike maneno ambayo wanafunzi wenyewe huyatumia wanapoeleza shida zao, na orodha hiyo iletwe kwa wanaosanifu istilahi kabla hawajatunga neno jipya. Nne, kila mfumo uwe na mtunzaji wa lugha anayejulikana kwa cheo, kama vile ulivyo na mtunzaji wa seva, ili kila toleo jipya limkute kazini.

La nne ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu ladai mshahara na nafasi katika muundo wa idara. Mapendekezo matatu ya kwanza yanaweza kutekelezwa katika mwaka mmoja wa masomo. Bila la nne, baada ya toleo la pili la mfumo itabidi kazi yote ianzwe upya.